Fani zipi ziwe kwenye kanuni kuu? Nina nafasi 6 tu, na nadai kasisi atoke

#1 MletaHadithi (Sinza, Dar)

Wakuu, salaam.

Kundi letu la Jumamosi, watu saba, tumechoka kucheza Dungeons & Dragons nusu Kiswahili nusu Kiingereza (kwa wageni: ni mchezo wa mezani, msimulizi anasimulia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua). Tunaandika kijitabu chetu cha kanuni, Kiswahili tupu, cha kuwapa vijana wanaoanza. Msingi tunautoa kwenye SRD 5.1, zile kanuni ambazo Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, waliziachia Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons. Kutafsiri na kugawa ni ruksa, mradi uwataje.

Tatizo ni ukubwa. SRD ina kurasa takriban 400 na fani 12 za wahusika. Hela tuliyochanga inatosha kurasa 48. Tukibana kweli, zinaingia fani 6.

(Nasema "fani" kwa makusudi. "Tabaka" inaleta matajiri na maskini, "darasa" inaleta ubao na chaki. Mwenye neno bora alilete.)

Mpiganaji, mchawi na mwizi tumeshakubaliana. Hao wapo tangu 1974, ndio mchezo wenyewe. Ugomvi uko kwenye nafasi tatu zilizobaki, na mimi msimamo wangu ni kwamba kasisi asiwemo. Miaka minne nasimulia, sijaona mgeni hata mmoja aliyeitazama orodha akasema "nampenda huyu". Siku zote anabambikwa aliyechelewa kufika. Fani inayochukuliwa kama zamu ya kuosha vyombo sioni kwa nini ile kurasa zangu sita.

Nishawishini.

#2 Nahodha_wa_Dadu (Mombasa)

Kabla hatujafika mbali, historia umeipindua. Vile vijitabu vitatu vya 1974 vya Gary Gygax na Dave Arneson vina fani tatu: mpiganaji, mtumia uchawi na KASISI. Mwizi hayumo kabisa. Aliingia 1975 na nyongeza ya Greyhawk. Kama kigezo chako ni "tangu 1974", basi unamfukuza mwenye nyumba unambakisha mpangaji.

#3 MletaHadithi

Nimesahihishwa, ahsante Nahodha. Hoja ya zamu ya vyombo bado haijajibiwa.

#4 Kobe_Mwendapole (Tanga)

Nimetandika mkeka, chai iko jikoni. Endeleeni.

#5 Fundi_Kanuni (Nairobi)

Mimi huyo mpangaji ndiye ningemtoa. Sikilizeni sababu.

Kabla ya mwizi, mchezaji akisema "nanyata", msimulizi alimuuliza: unanyataje? Umevua viatu? Taa umefunika? Mchezo ulikuwa hapo, kwenye majibizano. Halafu mwizi akaja na jedwali la asilimia. AD&D (toleo la juu la mchezo huu) ya 1978 inampa mwizi wa ngazi ya kwanza 15% ya kutembea bila kusikika na 10% ya kujificha kivulini. Sasa fikiria: mtaalamu mwenyewe anashindwa mara 85 kati ya 100. Mpiganaji akitaka kunyata utamwambia nini? Hakuna mstari uliomkataza, lakini jedwali limeshamkataza. Fani moja imeingia na kuwanyang'anya wenzake kitu walichokuwa wanafanya bure.

Hapo ndipo hatari ya orodha ya fani ilipo, MletaHadithi. Kila unayemwingiza anachukua kitu kwa wengine.

#6 Chausiku_K (Dodoma)

#5 umesema kweli ya 1978, lakini yeye anatafsiri SRD 5.1. Humo kunyata ni ujuzi ambao mtu wa fani yoyote anaweza kuwa nao. Mwizi (na wenyewe walishaacha kumwita mwizi, tangu 2000 anaitwa kwa jina lenye maana ya mjanja) anawazidi tu wengine kwa sababu ana ubingwa kwenye baadhi ya ujuzi. Mlango haujafungwa kwa mtu.

Na kwa vijana wanaoanza mjanja ndiye mwalimu mzuri kuliko wote. Shambulio lake la kuvizia linaongeza dadu moja ya pande 6 akiwa na mwenzake karibu na adui. Dakika tano tu mtoto anajifunza kuangalia wenzake wamesimama wapi. Mdogo wangu alianza hivyo. Mpaka leo anapanga kikosi kizima kabla hajarusha dadu.

#7 Mzee_wa_Theluji (Minneapolis)

Wanangu hamjambo. Niko mji ambao kisa hiki kilianzia, ngoja nitie neno kuhusu kasisi.

Kundi la Arneson lilikuwa huku Minneapolis na St. Paul, likicheza Blackmoor, ulimwengu alioubuni yeye, kabla hakijachapwa kitabu chochote. Mchezaji mmoja mhusika wake aligeuka vampaya, akaitwa Sir Fang, akawa hashikiki. Wenzake wanateketea. Ndipo ikabuniwa fani ya mtu wa dini wa kupambana naye. Ndiyo maana mpaka leo kasisi ana ule uwezo wa kufukuza wafu wanaotembea, uwezo ambao ukiutazama peke yake huelewi umetoka wapi. Alikuja kama dawa ya mtu mmoja aliyewashinda wenzake mezani.

Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: kasisi wa 1974 akiwa ngazi ya kwanza hana sihiri hata moja. Haponyi mtu. Anavaa deraya, anashika rungu (silaha ya makali haruhusiwi), anafukuza mifupa inayotembea. Uponyaji unaanza akifika ngazi ya pili.

#8 MletaHadithi

Shikamoo Mzee, na ahsante sana. Umenipa silaha. Kama kasisi alizaliwa kwa sababu ya vampaya mmoja wa Minnesota, sisi Sinza tusio na vampaya tunamweka wa nini?

#9 Dada_Mkunga (Morogoro)

Marahaba za Mzee zisikupumbaze. Kuzaliwa kwa bahati si sababu ya kufukuzwa. Tuangalie anafanya kazi gani leo.

Mimi nimefanya kazi wodini miaka 11, kwa hiyo labda nina upendeleo, ila hesabu ni hesabu. Mchawi wa ngazi ya kwanza kwenye SRD ana uhai wa 6 pamoja na nyongeza ya afya yake, tuseme 7. Goblini mmoja (zimwi dogo) akimpata kwa upanga ni dadu ya pande 6 jumlisha 2. Wastani 5.5. Mapigo mawili yuko chini. Vijana wako watakutana na goblini wanne siku ya kwanza, maana kila mtu anaanzia hapo. Bila wa kuwainua, nusu yao watakaa wakitazama wenzao wakicheza.

Kwa hiyo nafasi ya mponyaji ni lazima. Iwapo mponyaji huyo lazima awe kasisi, hapo tunaweza kuzungumza. Malenga anaponya tangu ngazi ya kwanza. Druidi, yule kuhani wa mimea na wanyama, pia. Na kwa mgeni malenga ni mwepesi: anachagua sihiri nne, basi, anazo hizo mpaka apande ngazi. Kasisi na druidi kila asubuhi wanaambiwa wapitie orodha nzima wachague upya. Nimeona mtu mzima akiduwaa mbele ya orodha ile kama mbele ya duka la madawa.

#10 BintiMalenga (Unguja)

Dada_Mkunga Mungu akuweke! Nilikuwa nasubiri mtu amtaje malenga, mimi nikimtaja wananiona na upendeleo (jina langu linanisaliti).

Wenzetu wamemhangaisha sana huyu. Alianza 1976 kwenye jarida, na AD&D ya 1978 ikamtupa kwenye kiambatisho mwisho wa kitabu: ili uwe malenga lazima kwanza uwe mpiganaji, halafu mwizi, halafu ukasome kwa madruidi. Miaka unahangaika kabla hujaimba ubeti. Toleo la nne mwaka 2008 halikumweka kabisa kwenye kitabu cha kwanza.

Sisi tuna sababu gani ya kumfanyia hivyo? Mtu wa pwani haelezwi malenga ni nini. Fumo Liyongo yuko gerezani, anamwimbia mjakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mama yake: oka mkate wa wishwa, ndani yake utie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, unapita. Halafu anaomba apigiwe gungu, ngoma zinalia, matoazi yanalia, yeye anakereza pingu chini ya sauti ile. Wimbo umempitishia ujumbe, wimbo umemficha kelele, wimbo umemtoa. Nionesheni kwenye kurasa 400 za SRD mfano mzuri kuliko huo wa fani inayotumia sauti badala ya upanga.

Kijana wa Sinza ukimwambia "kasisi wa mungu wa kubuni" utaeleza nusu saa. "Malenga" keshaelewa.

#11 Nahodha_wa_Dadu

BintiMalenga nakupenda lakini Liyongo ni MPIGANAJI. Jitu zima, mpiga mishale, watu wa mji wanamwogopa hata akiwa amekufa amepiga goti na uta mkononi. Siku kadhaa hawakuthubutu kusogea kisimani! Mashairi yalikuwa nyongeza.

#12 Fundi_Kanuni

Anayetoroka gerezani kwa tupa ndani ya mkate mnamwita mpiganaji? Huyo ni mjanja, ngazi ya juu kabisa.

#13 BintiMalenga

Wewe si ndiye uliyetaka mjanja aondolewe, #5? Leo unamhitaji!

#14 Fundi_Kanuni

😂 Umenikamata. Nakubali nimemhitaji.

#15 Bila_Fani (Arusha)

Mnaona sasa? Mmempa shujaa mmoja fani tatu, na kila mmoja wenu ana ushahidi. Hilo linatosha kuonesha kwamba fani ndiyo kosa. Traveller ilitoka 1977, RuneQuest 1978, zote hazina fani za namna hii. Kwenye RuneQuest mtu anakuwa bora katika kile alichokitumia. Umepiga mishale, unaboreka kwenye mishale. Umeimba, unaboreka kwenye kuimba. Liyongo anaingia humo mzima bila kukatwa vipande.

MletaHadithi, kurasa 48 zako weka orodha ya ujuzi na umalize kazi. Nafasi 6, 12, 20, haya yote yanakuwa si tatizo tena.

#16 MletaHadithi

Bila_Fani, nimejaribu. Mwaka jana mpwa wangu wa miaka 13 alikuja na marafiki wawili, nikawapa mchezo wa ujuzi mtupu. Pointi hizi, zigawe upendavyo. Walikaa saa nzima. Mmoja aligawa sawasawa kila mahali ili asikosee, akawa mhusika asiyejua kufanya kitu. Jumamosi iliyofuata nikawawekea karatasi nne mezani, kila moja na picha. Dakika tatu kila mtu ameshika ya kwake, na mpwa wangu tayari ameipa jina.

Mgeni ukimwuliza "wewe ni nani?" anakwama. Ukimwuliza "wewe ni yupi kati ya hawa?" anajibu. Fani kwangu ni swali la pili. Kwa wazoefu uko sahihi, na Liyongo amenikaa kichwani tangu jana.

#17 Msihiri_wa_Maskati (Muscat)

Assalam aleikum. Nawasoma kutoka Oman, kwetu tunacheza kwa Kiswahili nyumbani kwa sababu mabibi wametoka Unguja na Pemba.

Naona mmekubaliana haraka sana kuhusu "mchawi". Fani hiyo mnaitafsiri vibaya. Yule wa kwenye kitabu ni msomi: anaanza na daftari lenye sihiri sita, anasoma usiku, asubuhi anaandaa. Mchawi kwa Kiswahili si msomi. Mchawi anakudhuru usingizini. Nilipomwambia bibi yangu "leo mimi ni mchawi" aliacha kula. Tukabadilisha, tukamwita msihiri, na bado bibi hakuridhika sana, lakini alirudi kwenye chakula.

#18 Dada_Mkunga

Na mganga je? Mganga anaponya, anajua mitishamba, anapunga mashetani. Mimi naona mganga anawameza kasisi na druidi wote wawili kwa mkupuo. Nafasi moja imeokolewa.

#19 Chausiku_K

Hapo pazuri sana! Mganga achukue orodha ya druidi, kwa sababu mimea na wanyama vimo, na ule uwezo wa ngazi ya pili wa kujigeuza mnyama. Ila uwezo wa kufukuza wafu ni wa kasisi, hautakuwemo.

#20 Msihiri_wa_Maskati

Mganga anayejigeuza fisi, mtaani kwenu atabaki mganga? Mimi nadhani atarudi kuwa mchawi wa bibi yangu. Fikirini vizuri. Neno moja likisimama vibaya mzazi anakataza mtoto.

#21 Mwl_Jioni (Kisumu)

Hilo la mzazi nimelipitia. Nilikuwa na klabu ya mchezo huu kwenye shule moja, watoto 9, Ijumaa baada ya vipindi. Msichana mmoja alichagua ile fani ya mwenye agano. Kwenye SRD mwenye agano ana mlinzi wa aina moja tu, naye ni shetani wa kuzimu. Hakuna chaguo jingine. Karatasi ikafika nyumbani, mama akasoma "nimefanya agano na shetani" kwa mwandiko wa mwanawe. Jumatatu klabu ikafungwa. Sikupewa hata nafasi ya kueleza, na watoto wale bado wananiuliza wakiniona barabarani. Inaniuma hadi leo kwa sababu mama yule hakukosea kusoma. Ndicho kilichoandikwa.

MletaHadithi, katika 12 huyu ndiye wa kwanza kuacha. Kasisi ana dhambi gani?

#22 Mzee_wa_Theluji

Pole sana Mwalimu. Hayo ya kwako yalitokea huku Marekani miaka ya 80 nchi nzima. Wazazi na wahubiri walishambulia mchezo kweli kweli, na toleo la pili la 1989 linaonesha makovu. Mashetani yaliondolewa vitabuni, 1991 yakarudi kwa majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Na katika fani, muuaji wa kukodiwa akafutwa.

#23 Nahodha_wa_Dadu

Shikamoo Mzee. Naongeza tu: pamoja na muuaji, mtawa wa ngumi naye aliachwa 1989, na huyo hakuwa na ushetani wowote. Kwa hiyo si wazazi peke yao. Toleo lile lilipanga fani kwenye makundi manne (wapiganaji, wachawi, makasisi, wajanja) na mtawa hakupata kiti kizuri. Mimi naamini mpangilio wa kitabu huua fani nyingi kuliko wazazi.

#24 Kobe_Mwendapole

Chai imekwisha. Paladini, yule shujaa mtakatifu wa upanga, mbona hamumtaji?

#25 Hesabu_za_Usiku (Mwanza)

Paladini alikuwa adimu kwa makusudi. AD&D ya 1978 ilitaka alama ya haiba ya 17. Dadu 3 za pande 6 zina michanganyiko 216, inayofika 17 au 18 ni 4. Mtu 1 kati ya 54. Fani isiyopatikana kwa watu 53 haikuwa fani, ilikuwa bahati nasibu, na kurasa zake zote wamelipia hao 53.

#26 Chausiku_K

Hesabu safi, mwaka si wenyewe. Dadu 3 ni za Greyhawk ya 1975, ambayo nayo ilitaka 17. Kwa AD&D, kitabu cha msimulizi cha 1979 njia yake ya kwanza ni dadu 4, ondoa ndogo, halafu panga alama sita utakavyo.

#27 Hesabu_za_Usiku

Uko sahihi, nimerudia usiku huu. Kwa dadu 4 ukiondoa ndogo, 17 au zaidi ni 75 kati ya 1296, karibu 5.8%. Ukipata majaribio sita na ruhusa ya kupanga, uwezekano wa kupata angalau moja ni kama 30%. Bila kuhesabu masharti yake mengine. Kwa hiyo mwaka 1975 mmoja kati ya 54, mwaka 1979 karibu mmoja kati ya watatu. Mlango ule ule, ufunguo umebadilishwa. Ahsante Chausiku.

#28 Fundi_Kanuni

Kuhusu kuacha fani nje, jifunzeni kwa 2008. Toleo la nne lilipanga fani kwa kazi za vitani: mlinzi, mshambuliaji, kiongozi, mdhibiti. Kwa mpango ule ukawa na fani 8, na jemadari ni mpya kabisa (anaponya kwa kupaza sauti, nilimpenda mno). Lakini nje walibaki malenga, druidi, babari (barbarian, mpiganaji wa ghadhabu), mtawa na msihiri wa damu (aliyezaliwa na uchawi wake). Wengi walirudi 2009 kwenye kitabu cha pili, mtawa alisubiri hadi 2010. Watu waliokuwa na mhusika wa miaka sita wakaambiwa subiri mwaka mwingine. Hasira ile naikumbuka kwenye kila baraza la mtandaoni.

Halafu 2014 wakarudisha wote, wakawa 12. Jemadari wangu akaachwa. 2024 tena 12 wale wale.

Somo langu ni hili: usipange kwa kazi za vitani. Panga kwa nani atalia akikosekana.

#29 Bila_Fani

Lakini #28, vijana wake ni wapya. Hawana mhusika wa miaka sita. Hakuna atakayelia kwa kukosa asichokijua. Tena Paizo mwaka 2023 walipopanga upya Pathfinder, mchezo wao unaoshindana na huu, kitabu cha kwanza kilibeba fani 8, babari na mtawa wakangoja kitabu cha pili cha 2024, mrogi akatangulia mbele yao. Mchezo haukufa.

#30 Porini_Kwetu (Mikumi)

Naona katika kuchagua hizo 6 hamjamgusa mwanamsitu. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni porini, kwa hiyo nilimchagua kwa furaha siku ya kwanza. Nilivunjika moyo vibaya.

SRD inasema ukiwa kwenye mazingira uliyoyachagua, kundi lako halipotei isipokuwa kwa uchawi, na ardhi ngumu haiwapunguzii mwendo. Basi. Safari ikawa mstari mmoja: "mmefika." Nilitaka kusoma nyayo, kuona kinyesi cha tembo kama bado kina mvuke, kusikia ndege walionyamaza ghafla. Kanuni imenipa ushindi, safari imeichukua. Mwaka 2020 walitoa mbadala wa hiari, naona hata wenyewe waliliona.

Usimweke, au ukimweka mwandike upya kabisa. Mimi nitakuandikia kurasa mbili bure.

#31 MletaHadithi

Porini, nakuja inbox leo hii. Hilo la ndege kunyamaza lazima liingie kitabuni hata kama mwanamsitu hataingia.

#32 Nahodha_wa_Dadu

Halafu babari. Kwa mtoto hakuna rahisi kumzidi: uhai wa dadu ya pande 12, anakasirika mara mbili kwa siku, akikasirika anapiga zaidi na anaumia nusu kwa kupondwa, kuchomwa au kukatwa. Karatasi yake inajaa mbele tu. Shida ni jina.

#33 BintiMalenga

Msithubutu kumwita mshenzi. Kwa neno hilo huku pwani waliitwa watu wa bara na watumwa, na kidonda kipo.

#34 Chausiku_K

"Mwenye ghadhabu." Linasema anachofanya, halimtukani mtu wala anakotoka.

#35 BintiMalenga

Hilo nalipokea kwa mikono miwili.

#36 Juma_Mpya (Kigoma)

Samahani wakuu mimi mgeni, swali nje ya mada. Hizo dadu za pande 20 mnapata wapi? Huku madukani ni za pande 6 za ludo tu.

#37 Porini_Kwetu

Karibu Juma. Sisi tulianza na vipande 20 vya karatasi kwenye kikombe cha plastiki. Andika 1 hadi 20, tikisa, chomoa, RUDISHA. Ukisahau kurudisha hesabu zinaharibika.

#38 Hesabu_za_Usiku

Au vipande 10 kikombeni na sarafu moja. Kichwa, unasoma namba ilivyo. Mwenge, unaongeza 10. Uwezekano ni ule ule na karatasi hazipotei ovyo.

#39 Juma_Mpya

Ahsanteni sana. Leo usiku tunajaribu na kaka zangu.

#40 MletaHadithi

Nimekaa na wenzangu jana hadi saa sita usiku, uzi huu tumeusoma wote kwa sauti.

Tulipofika: mpiganaji, mjanja (jina la mwizi limetoka, Chausiku umeshinda), msomi wa sihiri (Maskati umeshinda, bibi apelekewe salaam), malenga, mwenye ghadhabu. Mwenye agano hayumo, Mwalimu, na kilichokupata tumekizungumza kwa muda mrefu.

Nafasi ya sita imetugawa. Watatu wanataka mganga wa Dada_Mkunga, watatu wanataka kasisi abaki. Mimi niliyeanzisha uzi kwa kumfukuza nimekwama katikati. Kilichonikwamisha ni Mzee: fani iliyobuniwa kwa sababu meza moja ilikuwa na shida moja. Sasa najiuliza meza yetu ina shida gani, na sijapata.

Jumamosi meza mbili, mapango yale yale, goblini wale wale. Meza moja na mganga, nyingine na kasisi. Wachezaji ni mpwa wangu na wenzake 7, hakuna aliyewahi kucheza fani hizo mbili. Nitahesabu nani kaishika karatasi kwa hiari yake.

#41 Nahodha_wa_Dadu

Weka na maiti wanaotembea pangoni, la sivyo kasisi umemnyima kazi aliyozaliwa nayo na jaribio lako halina haki.

#42 Dada_Mkunga

Na mganga umpe mgonjwa. Mtu wa kijijini ana homa, si jeraha la upanga. Tuone nani atamsogelea kwanza.

#43 MletaHadithi

Vyote viwili naviandika sasa hivi. Maiti sita, mgonjwa mmoja.

#44 Fundi_Kanuni

Na jemadari?

#45 MletaHadithi

Fundi, kurasa 48 kaka.

#46 Fundi_Kanuni

Ukurasa mmoja tu. Nitaandika kwa herufi ndogo.